Waini nyekundu ya mizabibu mizee isiyomwagiliwa maji: mwongozo kamili wa kununua, kuweka na kunywa ukiwa Nakuru ama Kisumu

Kama umekulia upande wa Maseno ama Busia unaujua ule mwembe wa boma, ule babu alipanda, hakuna mtu amewahi kuubebea hata ndoo moja ya maji, jua la Januari linakausha kila kitu shambani na wenyewe umesimama tu kijani. Maembe yake ni madogo, hayafanani na yale makubwa yanaletwa na lori, lakini ukiuma moja utamu unabaki mdomoni mpaka jioni. Mzabibu mzee usiomwagiliwa uko hivyo hivyo, na ukishaelewa huo mwembe umeshaelewa nusu ya hii waini.

Mimi nakaa Nakuru, kwao mama ni Maseno, na hizi chupa nimezibeba hiyo barabara mara nyingi. Kitu inaniuma ni hii: mtu ametunza shamba miaka 60, mwingine ametengeneza waini kwa uangalifu, imevuka bahari salama, halafu inakuja kuharibikia hapa kwetu kwa hatua ya mwisho, juu ya friji ama kwa rafu yenye jua, watu wanaionja ikiwa na joto la sebule ya Kisumu wanasema ni chungu, wanaimwagia soda. Si chungu. Imewekwa vibaya tu, na hiyo ni kitu unaweza kurekebisha bila pesa nyingi.

Kwanza ujue unanunua nini

Mzabibu mchanga mizizi yake iko juu juu, na ukiuwekea paipu ya kudondosha maji kila siku hauna sababu ya kwenda chini. Ukinyimwa maji unashuka polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka unafikia udongo wa chini wenye bado umeshika mvua ya msimu uliopita. Ukigonga miaka 40, 60, shina limekuwa nene na limejikunja kama mkono wa mzee, na ndani limeweka akiba, kwa hivyo mwaka wa ukame haulitishi sana. Lakini unazaa kidogo. Na zabibu zake mara nyingi zinakuwa ndogondogo, sasa tunda likiwa dogo ganda linakuwa nyingi ukilinganisha na juisi, na ganda ndio mambo yote, maana rangi ya waini nyekundu na ule ukali unakausha ulimi vinatoka hapo pamoja na kwa mbegu. Juisi ya zabibu nyekundu nyingi ukiikamua peke yake inatoka karibu nyeupe, jaribu na zabibu za soko utaona.

Huo ukali unaitwa tanini. Kama umewahi kusahau majani ya strungi kwa sufuria mpaka ikakuwa nyeusi, ile hali ulimi unashikana na meno, basi hiyo ndio tanini yenyewe.

Chupa moja ya mililita 750 inakula zabibu kilo moja na kidogo, kwa hivyo shamba lenye halizai sana ni hasara kwa mkulima akilipwa kwa kilo, na ndio maana mizabibu mingi mizee iling'olewa ikapandwa mipya ya kumwagiliwa. Ile imebaki ilibaki kwa sababu kuna mtu alikataa. Kule Afrika Kusini mama mmoja mtaalamu wa mizabibu, Rosa Kruger, alianza mwaka wa 2002 kuzunguka akitafuta mashamba mazee yenye watu walikuwa wamesahau, na kutokana na hiyo kazi leo kuna stika maalum ya mashamba ya miaka 35 kwenda juu, nitairudia hapo chini kwa mambo ya lebo.

Utengenezaji wa kizamani wenyewe, yeyote ameona busaa ikipikwa hatashangaa. Zabibu zinachumwa kwa mkono kwa sababu hiyo mizabibu haijafungwa kwa waya, kila mmoja unasimama peke yake kama kichaka kifupi na majani yake yanafunika matunda dhidi ya jua. Zinapondwa, zinawekwa kwa tangi lililo wazi pamoja na maganda, na ile chachu inaishi kwa maganda na kwa hiyo nyumba inaanza kazi yenyewe. Maganda yanapanda juu yanajikusanya kama kofia nzito, na mtu lazima ayasukume chini mara mbili ama tatu kwa siku, asipofanya hivyo yanakauka yanaanza kugeuka siki. Baada ya wiki moja mpaka tatu hivi waini inatolewa, maganda yanakamuliwa kwa ile mashine ya mbao ya kubana polepole, halafu yote inapumzika kwa mapipa mazee ama tangi la simiti. Pipa zee halitoi tena ladha ya mbao, kwa hivyo unachoonja ni shamba.

Kusoma lebo

Hapa ndio watu wanapigwa. Maneno "old vine" kwa lebo, yaani mzabibu mzee, ama "vieilles vignes" kwa ya Ufaransa, ama "viñas viejas" kwa ya Uhispania, kwa sehemu nyingi hayana kipimo cha sheria. Mtu anaweza kuandika hivyo mizabibu ikiwa na miaka 25 na hakuna wa kumuuliza. Kwa hivyo tafuta kitu kingine cha kushikilia.

Ya Afrika Kusini, na hiyo ndio utapata kwa urahisi supamaketi za Nakuru na Kisumu, angalia shingoni ama kwa kizibo kama kuna stika ya "Certified Heritage Vineyards". Hiyo inamaanisha miaka 35 ama zaidi, na mwaka wa kupandwa umeandikwa hapo hapo, utaona kitu kama 1974 ama 1965. Ukikosa stika, tafuta jina Swartland pamoja na maneno "bush vine" (ule mzabibu wa kichaka) ama "dryland" (shamba la mvua tu). Swartland ni upande wa kaskazini ya Cape Town, nchi ya ngano, mvua yao inanyesha Juni mpaka Agosti na kiangazi kinakuja wakati zabibu zinaiva, hakuna tone. Aina za zabibu za kuuliza ni Cinsault, Grenache, Syrah na Pinotage. Hiyo Pinotage ni mtoto wa nyumbani kwao, profesa Abraham Perold aliizalisha mwaka wa 1925 akichanganya Pinot Noir na Cinsault.

Ya Chile, neno la kutafuta ni "secano", yaani shamba la mvua tu, na majina ya sehemu ni Maule na Itata. Kuna zabibu inaitwa País yenye Wahispania walileta karne ya 16, hiyo inatoa waini nyepesi ya wakulima, na kuna Carignan yenye serikali yao ilihimiza ipandwe baada ya ule mtetemeko mkubwa wa 1939 ulioangusha upande huo wa Chillán. Ukiona neno VIGNO kwa lebo ya Chile, chukua, hao ni watengenezaji wamekubaliana kutumia Carignan ya mizabibu mizee ya miaka 30 na zaidi, isiyomwagiliwa.

Ya Australia, ya Barossa, wao wana mpangilio wa tangu 2009: miaka 35, miaka 70, miaka 100 na miaka 125, kila moja na jina lake. Huko kuna Shiraz (ni ile ile Syrah) ya 1843 yenye bado inazaa. Inawezekana kwa sababu yule mdudu wa filoksera, aliyekula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, hajawahi kufika hapo, na Chile pia hajafika.

Watu wananiuliza na ya hapa kwetu je. Naivasha kuna mizabibu, Leleshwa inatoka huko, na mimi nafurahi sana tukiwa na waini ya kaunti yetu, lakini usiitafutie sifa ya mizabibu mizee ya miaka 80. Tena hapa karibu na ikweta mzabibu haulali kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza, ni mkulima anaukata ndio uanze upya. Hiyo ni kilimo kingine kabisa.

Dukani

Usiangalie bei kwanza, angalia chupa imekaa wapi. Mimi niliwahi kununua chupa nzuri kwa duka moja hapa Nakuru, ilikuwa imesimama dirishani, yaani ile chupa ya kupamba, nikadhani ni bahati kwa sababu ilibaki moja. Nyumbani nikatoa ile karatasi ya shingo nikakuta kizibo kimesukumwa juu na pembeni kuna mstari mkavu wa zambarau. Joto lilikuwa limeipanua ikavuja na hewa ikaingia. Ilikuwa na ladha ya matunda yaliyochemka, kama jemu imeungua. Kwa hivyo:

- pitisha kidole juu ya kizibo, kiwe sawa na mdomo wa chupa ama chini kidogo, kisitokeze
- angalia kama kuna alama ya kuvuja shingoni, na waini iwe imefika karibu na shingo
- omba ya ndani ya katoni badala ya ile ya rafu ya juu karibu na taa
- skani stempu ya KRA na app ya Soma Label, kwa sababu vileo feki viko na havichagui mji

Muuzaji akikasirika ukiuliza chupa za ndani, nenda duka lingine.

Kusafirisha

Nakuru kuna baridi, mji uko kama mita 1,850 juu, ukishapita Mau Summit hata unavaa sweta, halafu ukianza kuteremka kwenda Awasi unaskia joto likiingia dirishani. Buti ya gari iliyosimama juani ni kama tanuri. Mimi naviringisha chupa na gazeti kurasa nyingi, halafu shuka, naiweka kwa miguu ndani ya gari, upande usio na jua, na kama ni matatu naishika mwenyewe kwa begi. Ondoka asubuhi. Na ikifika iache itulie siku tatu nne ama wiki ukiweza kabla ya kuifungua, hasa kama ni ya miaka mingi, kwa sababu safari imechafua mashapo yake yote.

Kuweka nyumbani

Inataka vitu vinne: giza, ubaridi usiobadilika, kutulia, na ilale kama ina kizibo cha mti ili kizibo kisikauke. Ya kifuniko cha kuzungusha hata ikisimama hakuna shida. Digrii 12 mpaka 15 ndio bora ya kuweka miaka.

Nakuru unaweza kuikaribia bila mashine. Chagua kabati la chini kabisa, kwa ukuta wa ndani, si ule unapigwa na jua la jioni, mbali na gesi na nyuma ya friji kwenye hewa moto inatoka. Weka chupa ndani ya katoni, katoni juu ya sakafu ya simiti, funika na gunia. Kama unataka kujua ukweli badala ya kukisia, weka glasi ya maji ndani ya hilo kabati usiku mzima na mchana, pima na kipimajoto asubuhi na saa tisa. Kwangu inacheza kati ya 16 na 19, hiyo inatosha kwa waini ya kunywa ndani ya miaka miwili mitatu.

Kisumu sitakudanganya. Mchana ni digrii 30 hivi karibu mwaka mzima, na hakuna kabati itashinda hiyo. Huko nunua ya kunywa ndani ya wiki chache na uiweke kwa friji, kwa ile droo ya mboga kwa sababu hapo baridi haijazidi. Watu wanaogopa friji na waini nyekundu, wacha kuogopa, friji ni afadhali mara kumi kuliko sebule yenye bati.

Siku ya kufungua

Jana yake simamisha chupa wima, masaa 24, ili mashapo yashuke chini. Waini za kizamani mara nyingi hazichujwi sana kwa hivyo mashapo ni kawaida.

Sasa joto la kunywa. Ile kanuni watu wanarudia, ati waini nyekundu inywewe kwa joto la nyumba, ni ya nyumba za Ulaya za zamani zenye zilikuwa na baridi ya digrii 16 ama 17. Nyumba ya Kisumu si hiyo. Waini ikifika digrii 25 pombe inaruka kwa pua, matunda yanapotea, tanini inakuwa ya kukwaruza. Nyepesi kama Cinsault na País ipe 13 mpaka 15, nzito kama Shiraz na Carignan 16 mpaka 18. Ikiwa imetoka kwa friji, itoe kama nusu saa kabla. Ikiwa ya kabati ya Nakuru, itie friji dakika 20 tu.

Na kama uko kijijini na stima imepotea, kuna njia nilifunzwa na nyanya yangu bila yeye kujua anafunza mambo ya waini. Ule mtungi wa maji wa udongo, ile dapi, maji yake ni baridi kila siku kwa sababu yanapenya polepole kwa udongo yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Viringisha chupa na kitambaa kilicholoa, isimamishe ndani ya chungu kipana chenye maji ya dapi, kwa kivuli penye upepo. Saa moja hivi. Hiyo chupa inatoka ikiwa na ubaridi mzuri sana, na kitambaa kinanukia udongo.

Kufungua: kata karatasi chini ya ule ukingo wa mdomo, panguza, ingiza kizibuo katikati, kiingie karibu chote lakini kisitoboe upande wa chini, halafu vuta polepole. Kizibo cha chupa nzee kinaweza kukatika, kikikatika usikisukume, ingiza tena kwa kuinamisha kizibuo kidogo.

Halafu kumimina kwa jagi, na hii mimi ndio napenda kuliko zote. Chukua jagi safi ya glasi, isiyonuka sabuni, washa tochi ya simu uilaze mezani ikiangalia juu, ushike chupa mwanga upite kwa bega lake. Mimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, bila kusimama, kwa sababu ukisimama waini inarudi nyuma na kuchafua kila kitu. Mwanzo unaona rangi tu, nyekundu safi kama maua ya hibiskasi yaliyochemshwa. Dakika ya mwisho unaona kamstari keusi kanatembea kama moshi kuelekea shingoni, na nyuma yake chengachenga kama majani ya chai. Hapo simama. Itabaki kama vidole viwili kwa chupa, hiyo usiimwage, nitakuambia.

Kama ni changa na kali, iache kwa jagi saa moja ipate hewa. Kama ina miaka zaidi ya 15, mimina na unywe saa hiyo hiyo, hewa nyingi inaimaliza.

Glasi yoyote ya mdomo mwembamba inafaa, ijaze theluthi tu. Ioshe kwa maji moto na uinuse kabla, kwa sababu glasi nyingi zinanuka kabati ama kile kitambaa cha jikoni.

Kunusa, na kujua kama imeharibika

Katoni iliyoloa maji ama nguo zilizokaa bila kukauka: hiyo ni ugonjwa wa kizibo, si sumu lakini haitapona, rudisha dukani na risiti. Siki ama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha: imeingia hewa ama bakteria. Jemu iliyoungua: joto. Lakini harufu ya ngozi, ya majani makavu, ya udongo baada ya mvua ya kwanza, hiyo si ubaya, hiyo ndio uzee unatafuta.

Krismasi moja Maseno nilimmiminia mjomba, akanusa akanyamaza akaniangalia, "Okewa (yaani mtoto wa dada), hii haijaharibika kweli? Inanuka kama shamba."

"Hapana nera (yaani mjomba), onja kwanza na kipande cha nyama."

Akaonja, akatafuna, akaonja tena. Hakusema kitu, alisogeza glasi tu niongeze.

Chakula

Hiyo nyama ilikuwa aliya, ile nyama ya ng'ombe iliyokaushwa juani kisha ikapikwa polepole na maziwa ama krimu, na kwangu hakuna chakula cha magharibi ya Kenya kinaoana na Carignan ama Shiraz nzee kushinda hicho. Mafuta na protini zinaikamata tanini, ulimi unalainika, na ule moshi na chumvi ya nyama unaamsha matunda ya waini. Mbuzi choma pia, lakini weka limau na pilipili mbali kidogo, pilipili kali inafanya pombe iwake mdomoni.

Ingokho ya Kiluhya, kuku wa kienyeji na mchuzi wake na ugali wa wimbi, hiyo ipe Cinsault ama Grenache iliyopoa. Samaki ni hadithi tofauti. Omena na waini nyekundu nzito usijaribu, mafuta ya samaki na madini ya chuma yaliyo kwa waini yanafanya mdomo uonje kama umelamba msumari. Lakini ngege, yaani tilapia, wa wet fry, mwenye nyanya nyingi na dania, anakubali kabisa País ama Cinsault ya digrii 13. Osuga, yaani mboga ya mnavu, yenye uchungu inaongeza uchungu wa tanini, ipikwe na maziwa.

Pombe yake mara nyingi ni asilimia 12.5 mpaka 14.5, chupa moja ni ya watu wanne na chakula, na gari libaki kwa boma mpaka asubuhi, kuwe na alcoblow, kile kipimo cha polisi cha pombe, ama isiwepo.

Ikibaki

Rudisha kizibo, tia friji, nyekundu nzito inavumilia siku tatu, nyepesi siku mbili. Ukiwa na chupa ndogo safi ya nusu, ijaze mpaka juu kabisa ufunge, hewa ikiwa kidogo inakaa hata wiki.

Na yale mashapo ya vidole viwili: chuja kwa kitambaa cha chai, mimina kwa sufuria ya mbuzi ama ng'ombe wakati kitunguu kimeshakuwa cha kahawia na kabla hujaweka nyanya, acha ichemke bila kifuniko mpaka harufu ya pombe iishe, halafu endelea na mchuzi wako kama kawaida.